Meru: Mbuga Iliyokosa Wageni Mara Mbili

Ukitoka Maua kuelekea lango la Murera, barabara huteremka kutoka milima ya Nyambene na hewa hubadilika kabla hujamaliza mazungumzo uliyoyaanzia juu. Miraa na migomba hubaki nyuma, joto hukupokea, na mbele hutandaa Mbuga ya Kitaifa ya Meru: kilomita za mraba 870 za mibuyu, mikoma na vijito vinavyoutafuta Mto Tana.

Machi 2020 barabara hii ilikauka wageni. Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13, na kufikia tarehe 25 ndege za abiria kutoka nje zilikuwa zimezuiwa. Aprili ikaja marufuku ya kuingia na kutoka Nairobi. Mwezi huohuo wa Machi Somalia nayo ilikuwa imesimamisha ndege za miraa, hivyo Igembe, eneo hili la miraa, ikapigwa huku na huku: zao halina soko, mbuga haina wageni.

Lakini Meru ilikuwa imewahi kukosa wageni kabla ya hapo. Mara ya kwanza hapakuwa na tangazo la serikali. Palikuwa na bunduki.

Jina la mahali hapa lilivuma kwa sababu ya simba. George Adamson na mkewe Joy walimlea simba jike Elsa tangu akiwa mtoto, wakamrudisha porini huku Meru. Alikufa Januari 1961, akazikwa kando ya Mto Ura. Kaburi lake ni la mawe, lenye bamba, chini ya miti ya ukingoni. Sehemu ya majivu ya Joy, aliyeuawa katika hifadhi ya Shaba mwaka 1980, iliwekwa hapo. Filamu ya Born Free, iliyosimulia kisa cha Elsa, ilitoka mwaka 1966, mwaka uleule Meru ilipotangazwa mbuga ya kitaifa. Wageni wakamiminika.

Miaka ya sabini tembo walikadiriwa kuwa 3,000. Kisha majangili wakaingia na silaha za kivita, na mizoga ikazidi walio hai. Mwishoni mwa 1988 waliwaua vifaru weupe watano waliokuwa wakilindwa usiku na mchana. Mwaka uliofuata watalii wawili kutoka Ufaransa waliuawa ndani ya mbuga, na Agosti 1989 George Adamson mwenyewe akapigwa risasi Kora, ng'ambo ya Tana. Baada ya hapo, nani angemwambia mgeni aje Meru? Lango lilikuwepo, ila safari ziliondoka.

Kuirudisha mbuga hiyo kulichukua zaidi ya miaka kumi. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, liliundwa mwaka 1990 na kuanza kuwaondoa majangili. Mwaka 1999 hoteli ya Elsa's Kopje ilifunguliwa kwenye kilima cha Mughwango, alikowahi kupiga kambi George. Karibu na wakati huo shirika la kimataifa la ustawi wa wanyama, IFAW, liliahidi dola milioni 1.25 za kugharimia barabara, magari na doria. Mark Jenkins akaja kuwa mkuu wa mbuga ambayo baba yake, Peter, aliiongoza kabla ya maafa. Tembo walisafirishwa kwa malori kutoka Laikipia, na vifaru wakaletwa, wengine kutoka Nakuru, wakatiwa ndani ya uzio.

Kwa hiyo korona ilipokuja, iliikuta mbuga yenye wanyama. Hapo ndipo penye tofauti na mara ya kwanza. Na Kenya haikungoja ndege: ilianza na wenyeji. Tarehe 1 Julai KWS ilipunguza kiingilio cha mbuga kwa nusu, kwa mwaka mzima. Tarehe 7 barabara za Nairobi zikafunguliwa. Ndege za kimataifa zilirejea Agosti mosi, mwenyeji akiwa ameshatangulia.

Kaunti ya Embu inalijua vizuri zaidi hilo la kumtegemea mwenyeji. Hifadhi ya Mwea, iliyotengwa mwaka 1976 kule Mbeere, ina kilomita za mraba 42 tu, na haijapata simba wa filamu. Ina viboko na ndege wa majini kando ya mabwawa ya Mto Tana, na mtu wa Embu mjini huenda na kurudi siku hiyohiyo. Mahali kama hapo hapahitaji ndege ya London.

Tumezoea kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 2020 mwenyeji alijigeuza mgeni, akalipa nusu kiingilio, akaingia kutazama mali yake.

Na ukiingia Murera leo, uzio wa vifaru hauko mbali na lango. Gari hupita, watu wakiwa na haraka ya kuona simba. Wachache hukumbuka kwamba bila waya huo na askari wanaouzunguka usiku, Julai ile kusingekuwa na cha kutazama.