Bayochari: Makaa yanayonasa mbolea katika maji ya zizi

BAYOCHARI ni makaa yatokanayo na mabaki ya mimea, kama vile vifuu vya nazi, magunzi ya mahindi au pumba za mpunga, yaliyochomwa mahali penye uhaba wa hewa katika joto la nyuzi 350 hadi 700 za Selsiasi. Tofauti yake na makaa ya jikoni imo katika matumizi zaidi kuliko umbo. Haikusudiwi kuwashwa tena, bali kutiwa udongoni au kuchujia maji.

Matumizi hayo ya pili yanastahili kuangaliwa na wafugaji wa pande za bara za Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, ambako mabanda ya ng'ombe, mbuzi na kuku yamebanana na makazi ya watu. Banda linapooshwa, maji hubeba mkojo na samadi hadi mtaroni au shimoni. Mtandao wa mabomba ya majitaka haujafika sehemu kubwa ya mji, na mtambo wa Kipevu, ulioko Changamwe, huhudumia eneo la bara ya magharibi pekee.

Chini ya nyumba hizo kuna mchanga na mawe ya matumbawe, ambayo hupitisha maji upesi. Wakazi wengi nao hutegemea visima kila mifereji inapokauka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanasayansi wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI) na wenzao waliyachunguza maji ya ardhini ya Kisauni chini ya mradi uliohusisha mashirika ya UNEP na UNESCO. Waligundua kuwa visima vingi vilikuwa vimechafuliwa kwa vijidudu, na lawama kubwa ikaangukia vyoo vya shimo na matangi ya majitaka. Mifugo, basi, si mkosaji mkuu. Hata hivyo, maji ya zizi huelekea kule kule.

Kinachopotea humo ni mali. Sehemu kubwa ya potasiamu anayotoa ng'ombe, na takriban nusu ya nitrojeni, hutoka kwa mkojo, ilhali fosforasi hubaki zaidi katika kinyesi. Hivi ndivyo virutubisho anavyonunua mkulima dukani. Mnamo 2022 serikali ya Kenya ilianza kuuza mbolea ya ruzuku kwa Sh3,500 kwa mfuko wa kilo 50, bei ikateremshwa hadi Sh2,500 mwaka 2023, na mwaka uliofuata ikazuka kashfa ya mbolea ghushi. Anayekuza mchicha kwenye mchanga wa Pwani, usioweza kushika rutuba kwa muda mrefu, ana sababu ya kuyatazama upya maji anayoyamwaga.

Namna makaa yanavyofanya kazi si vigumu kueleza. Kipande cha bayochari kimejaa vitundu visivyoonekana kwa macho, na kuta zake huwa na chaji hasi. Mkojo ukishamwagika, bakteria huigeuza yurea iliyomo kuwa amonia, na harufu kali ya bandani ni ushahidi wa nitrojeni inayotoroka hewani. Ile inayosalia majini huwa katika hali ya amoniamu, ambayo ina chaji chanya, kwa hiyo huvutwa na kuta za makaa na kushikwa hapo. Baadaye mizizi ya mimea huweza kuichukua.

Muda ndio jambo la kuzingatia. Amoniamu ikiachwa penye hewa hugeuka nitrati, yenye chaji hasi kama makaa yenyewe. Bayochari ya kawaida haiwezi kuinasa vyema, na mawe ya matumbawe huipisha hadi kisimani. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita ya maji ya kunywa kwa sababu ya watoto wachanga, ambao damu yao hushindwa kubeba oksijeni ipasavyo inapozidi. Kichujio kilichowekwa mwisho wa mtaro, siku kadhaa baada ya maji kutoka zizini, kitakuwa kimechelewa. Mahali pake ni mlangoni pa banda.

Fosfati nayo ina chaji hasi. Ili kuinasa, makaa huhitaji kuchanganywa na kalsiamu au magnesiamu. Hapa Pwani imebarikiwa. Chokaa ya mawe ya matumbawe ina kalsiamu tele, na kila lita ya maji ya bahari ina takriban gramu 1.3 za magnesiamu. Lakini kuyalowesha makaa katika maji ya bahari huacha chumvi, na chumvi hiyo isiposuuzwa huikausha miche.

Kuna wauzaji wanaoisifu bayochari kana kwamba ni dawa ya kila uchafu. Hesabu ndogo yatosha kuwapinga. Uwezo wa makaa yasiyotiwa dawa kushika amoniamu kwa kawaida ni miligramu chache kwa gramu moja. Tuseme ni miligramu tano: kilo moja itashika gramu tano za nitrojeni. Ng'ombe akitoa lita 10 za mkojo kwa siku, zenye gramu tano za nitrojeni kwa lita, zitahitajika kilo 10 za makaa kila siku kwa mnyama mmoja. Hakuna mfugaji wa Mtongwe wala wa Mishomoroni atakayezimudu, kwani vifuu vikichomwa hutoa makaa ya robo hadi theluthi tu ya uzito wake.

Kwa sababu hiyo, bayochari hufaa kuwa hatua mojawapo miongoni mwa nyingine. Samadi huondolewa kwanza kwa koleo kabla ya kuosha, au hupelekwa katika mtambo wa bayogesi. Maji yanayobaki ndiyo hupitishwa katika pipa lenye kokoto, mchanga na makaa yaliyopondwa. Makaa mapya yenye majivu mengi husuuzwa kwanza, maana ukali wa magadi yake huweza kuifukuza amonia hewani badala ya kuishika. Na maji yatokayo pipani si ya kunywa, kwa kuwa vijidudu vya maradhi havikomi vyote hapo.

Fikira ya kuvuna rutuba kutoka kwa majitaka si ngeni Kisauni. Katika machimbo ya zamani ya saruji ya Bamburi, ambayo René Haller alianza kuyapanda miti mnamo 1971, maji ya mabwawa ya samaki yalisafishwa kwa mimea ya majini, nayo mimea hiyo ikageuzwa mbolea. Katika gereza la Shimo la Tewa, mradi wa WIO-LaB ulijenga kinamasi cha kutengenezwa ili kuyasafisha maji machafu yaliyokuwa yakiingia katika hori la Mtwapa.

Kuhusu makaa yenyewe, mfano wa karibu uko Kwale, ng'ambo ya mpaka wa Likoni. Katika muongo wa 2010, watafiti wa kituo cha kilimo-misitu cha ICRAF na vyuo vikuu vya Uswidi walishirikiana na wakulima wadogo wa huko, wa Embu na wa Siaya, kujaribu majiko ambayo hupika chakula kwa gesi ya kuni au mabaki ya shamba na kuacha makaa. Makaa hayo yalitiwa mashambani. Jiko la namna hiyo humwondolea mfugaji gharama ya tanuri, mradi asikate mikoko kwa ajili yake.

Makaa yakishashiba huchanganywa na samadi na takataka za jikoni, yakaachwa yaive kwa majuma kadhaa, kisha hufukiwa karibu na mizizi. Kwenye bustani ya mboga za kuliwa mbichi, mchanganyiko huo hutiwa mapema, kabla ya kupanda. Kuyarudisha jikoni ni kuipoteza nitrojeni yote kwa moshi.