Kuelewa madokezo ya kifasihi katika shairi la kusifu usomaji

DOKEZO la kifasihi ni mbinu ambapo mshairi hutaja kwa ufupi jina, mahali, kisa au kazi nyingine ya fasihi, akitarajia kuwa msomaji atatambua kinachorejelewa. Lisichanganywe na mdokezo, yaani sentensi inayoachwa bila kukamilika. Mathalani, anayesoma Al-Inkishafi akikutana na jina la Nabii Suleimani, humkumbuka mara moja mfalme aliyetawala watu na majini, lakini ufalme huo usimkinge na mauti. Jina moja hubeba kisa kizima.

Mbinu hii hutumika sana katika mashairi yanayosifu usomaji. Mfano mzuri ni soneti ya Mwingereza John Keats iitwayo On First Looking into Chapman's Homer, aliyoitunga Oktoba 1816 akiwa na umri wa miaka 20. Keats hakujua Kigiriki. Usiku mmoja, yeye na rafiki yake Charles Cowden Clarke walizisoma tungo za Homer katika tafsiri ya George Chapman, aliyeishi enzi za Shakespeare. Asubuhi iliyofuata, shairi lilikuwa limekwisha kumfikia Clarke.

Katika mishororo 14 tu, madokezo kadhaa yanajitokeza. La kwanza ni Apollo, mungu wa ushairi wa Wagiriki wa kale. Kwa kumtaja, Keats anavigeuza vitabu kuwa nchi, washairi kuwa watawala walio chini ya Apollo, na msomaji kuwa msafiri.

La pili ni mtazamaji wa anga anayeona sayari mpya. Aghalabu wahakiki hulihusisha na William Herschel, aliyeigundua sayari ya Uranus mwaka 1781.

La tatu ni Cortez, akiikodolea macho Bahari ya Pasifiki kutoka Darien, katika Panama ya leo. Hapa pana utata. Kihistoria, Mhispania aliyeiona bahari hiyo kutoka huko mwaka 1513 ni Vasco Núñez de Balboa. Wapo wanaosema mshairi alikosea, na wapo wanaomtetea.

Hata hivyo, anayekomea kwenye mzozo huo hupitwa na kiini cha shairi. Bahari ile ilikuwa ikijulikana na wenyeji tangu jadi, sayari ilikuwepo angani, naye Homer alikuwa amesomwa kwa karne nyingi. Kilicho kipya ni jicho linaloviona kwa mara ya kwanza. Ndiyo sababu Mkenya au Mtanzania aliyemjua Shakespeare kupitia tafsiri ya Julius Caesar ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyotoka mwaka 1963, hana haja ya kujiona msomaji wa daraja la chini. Keats naye aliingia kwa mlango wa tafsiri.

Basi msomaji anapokumbana na dokezo, ajiulize maswali matatu. Ni nani au ni nini kinachotajwa? Ni sehemu gani ya kisa chake inayohitajika hapa? Je, likiondolewa, shairi litapoteza nini? Kamusi na ensaiklopidia zitajibu swali la kwanza. Mawili yaliyosalia hujibiwa na shairi lenyewe, likisomwa tena kwa utulivu.