Mafuta ya Kumbikumbi

Mvua za masika zikikolea, vichuguu vya Shianda, magharibi mwa Kenya, hufunguka na kumbikumbi wakaruka kwa maelfu. Huzolewa, mabawa yakapepetwa, kikaango kikabandikwa jikoni kikavu. Wakishapata moto, hutoa mafuta yao wenyewe wakakaangika humo.

Mafuta hayo ni akiba ya safari. Kumbikumbi akitua salama hukata mabawa, hutafuta mwenzi, wakajifungia ardhini bila kula mpaka walee mchwa wa kazi wa kwanza. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9 hivi, wanga 4. Tena mafuta hukaa mwilini bila maji, basi kwa anayeruka mzigo ni mwepesi.

Jinsi akiba hii inavyotumika ilianza kueleweka mwaka 1904. Mjerumani Franz Knoop aliwalisha mbwa asidi za mafuta zilizofungwa kwenye pete ya kaboni ambayo mwili hauwezi kuivunja, kisha akapima mkojo wao. Masalia yalimwonyesha kuwa mnyororo wa asidi hukatwa kaboni mbili mbili, kama muwa unaokatwa pingili mbili kwa kila pigo la panga.

Basi mafuta yakahesabiwa kuwa kuni tu. Mwili huyatengeneza kutokana na wanga, wataalamu wakasema. Ya nini kuyala, ikiwa vitamini zipo? Mwaka 1929, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, George Burr na mkewe Mildred waliwanyima panya mafuta kabisa. Mikia ikaota magamba, ukuaji ukadumaa, figo zikaharibika, na wanyama wakawa wanakunywa maji kupita kiasi. Matone machache ya mafuta yaliwaponya. Wengi hawakuwasadiki, lakini mwaka uliofuata mume na mke waliitaja dawa yenyewe: asidi ya linoleiki.

Asidi hii ina vifungo viwili maradufu, kwenye kaboni ya 9 na ya 12. Vimeng'enya vyetu huweza kuweka cha 9. Zaidi ya hapo hushindwa. Bila asidi hiyo ngozi huvujisha maji, ndiyo maana panya walikuwa na kiu. Mwaka 1963 Arild Hansen na wenzake walieleza habari za watoto wachanga waliolishwa maziwa yenye asidi hiyo kidogo mno: ngozi zao zilikauka na kuchunika. Kumbikumbi wanayo, karanga na simsim pia.