Soko ya leta: nani anaweza kuuza, nani amekatazwa

Soko ya leta haina meza, haina sombe wala samaki. Ni mapatano ambayo serikali inaandika na kampuni ili ijengewe masomo, itengenezewe barabara ao iletewe dawa za hospitali, na franga inatoka katika mfuko wa wote. Kiongozi anayetia sahihi hatakaa katika lile darasa, na mvua ikipita kwenye mabati mabovu haitamlowesha yeye. Njo maana sheria inamwekea mipaka mingi kuliko mtu anayetumia makuta yake mwenyewe.

Zamani Congo ilifuata sheria ya tarehe 5 mwezi wa 12 mwaka 1969. Ile ya sasa ni sheria namba 10/010 ya tarehe 27 mwezi wa 4 mwaka 2010. Inahusu serikali ya Kinshasa, lakini pia majimbo, miji, komini na kampuni za leta. Kwa hiyo gavana ao bugumestri hawezi kusema kwamba ni mambo ya wakubwa wa Kinshasa tu.

Sheria hiyo iligawanya kazi kwa makusudi. Ndani ya ministeri ao jimbo kuko ofisi ndogo inayotayarisha soko, inaitwa CGPMP. Ofisi ingine, DGCMP, inachunguza karatasi mbele ya sahihi kutiwa. Halafu kuko ARMP, inayosimamia kanuni zote na kupokea malalamiko. Anayetayarisha haiko yeye anayechunguza. Pale ambapo mtu mumoja anafanya vyote viwili, tayari kuko shida, hata kama hajaiba kitu.

Njia ya kawaida ni mashindano ya wazi. Tangazo linatolewa, kampuni zinaleta bei zao katika bahasha zilizofungwa, bahasha zinafunguliwa mbele ya wale walioshindana, na matokeo yanaandikwa. Njia hii inachukua muda, na viongozi wengi hawaipendi sababu hiyo. Lakini muda ule njo unampa raia nafasi ya kusikia kwamba kitu fulani kinataka kununuliwa.

Njia ya pili watu wanaiita gre-a-gre: serikali inaita kampuni moja, wanapatana bei, wanatia sahihi. Haikatazwi kabisa. Sheria inaikubali pale ambapo kampuni moja tu iko na ile kazi ao haki ya kuifanya, pale ambapo msiba usiotazamiwa unaleta haraka ya kweli, kama vile daraja limebebwa na maji, ao pale ambapo aliyepewa kazi ameshindwa na inapashwa kumaliziwa mbio. Hata hapo, DGCMP inapashwa kutoa ruhusa ya pekee.

Ni neno "haraka" linaloharibu mambo. Karatasi inalala miezi na miezi katika ofisi, kisha wiki mbili mbele ya masomo kufunguliwa mukubwa anashituka: hakuna tena muda wa mashindano, tuite tu ile kampuni tunayoijua. Haraka ya namna hiyo imetengenezwa. Mvua haikuileta, ni kalamu iliyokataa kuandika. Ujanja mwingine ni kukata kazi moja vipande vipande, kila kipande kibaki chini ya kiasi kinacholazimisha mashindano. Sheria inakataza hilo pia.

Wakaaji wa Kisangani wanajua bei ya mambo haya. Mwezi wa 6 mwaka 2000 majeshi ya Uganda na ya Rwanda yalipigana siku sita ndani ya muji wao, na raia wengi walikufa. Tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka 2022, Korti ya kimataifa ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Congo dola milioni 325, kwa awamu tano za dola milioni 65. Mfuko wa kulipa wahanga, FRIVAO, uliwekwa Kisangani. Mwaka 2025 ilijulikana kwamba dola milioni 19 za mfuko huo zilikuwa zimepelekwa kwa kampuni moja ya ujenzi, kwa ajili ya jela mupya ya Kisangani. Ilikuwa gre-a-gre. Waziri wa sheria, Constant Mutamba, alijiuzulu mwezi wa 6. Tarehe 2 mwezi wa 9, Cour de cassation ilimpa miaka mitatu ya kazi ngumu. Yeye alikana kosa mpaka mwisho. Kisangani iko na lazima ya jela, hilo ni kweli. Lakini mama aliyepoteza mguu mwaka 2000 hakuambiwa kwamba franga yake itajenga jela.

Lakini kuruka kanuni ni jambo moja, kuiba ni jambo lingine, na korti inapashwa kuhakikisha kila moja. Vital Kamerhe alihukumiwa miaka 20 mwaka 2020 juu ya nyumba za mpango wa siku mia moja, soko ambayo ilipitia pia gre-a-gre. Mwaka 2022 aliachiliwa huru. Ndiyo sababu karatasi zilizotunzwa vizuri zinamkinga hata kiongozi mwenyewe.

Kuko pia kanuni zinazomufuata mutu, siyo karatasi. Katiba, kifungu cha 98, inakataza Rais na mawaziri kununua mali ya leta wakiwa katika kazi, na kushiriki katika soko za leta, wao wenyewe ao kupitia mtu mwingine. Maneno "kupitia mtu mwingine" ndiyo yenye uzito, sababu ni nadra waziri aandike kampuni kwa jina lake. Anaandika shemeji, dereva, mtoto wa dada. Kifungu cha 99 kinawalazimisha kutangaza mali ya jamaa, pamoja na ya bibi ao bwana na ya watoto wanaolishwa nao, wakiingia na wakitoka. Asiyefanya hivyo katika siku 30 anahesabiwa kuwa amejiuzulu. Ila tangazo hilo linapelekwa kwa Korti ya katiba, nayo inalituma kwa ofisi ya kodi. Katiba haisemi kwamba raia atalisoma, na hapo njo kanuni inakosa macho.

Kwa wafanyakazi wengine wa leta, kuanzia mukubwa wa ofisi mpaka karani, kuko kanuni za mwenendo za tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2002. Na sheria ya makosa, kifungu cha 145, inampa anayekula mali ya leta kazi ngumu ya mwaka 1 mpaka miaka 20.

Kazi ikianza katika mtaa, raia anaweza kuuliza komini kama soko ile ilikuwa katika mpango wa mwaka, tangazo lilitolewa wapi, na kampuni ngapi zilileta bei. Wakijibu kwamba ilikuwa gre-a-gre, swali linalofuata ni barua ya ruhusa ya DGCMP: iko na tarehe gani, na mbele ao nyuma ya sahihi?