Korosho ya Machi si korosho ya Novemba

Mwezi Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha Tunduru, kusini mwa Tanzania, mikorosho haina hata ua moja. Chakula cha mwaka jana kimekwisha na mahindi mapya hayajakomaa. Hapo ndipo mnunuzi wa kangomba hubisha hodi. Hutoa shilingi leo, naye huahidiwa korosho za msimu ujao, zitakazookotwa kuanzia Oktoba. Bei wanayopatana iko chini sana ya ile ya mnada. Serikali imeupiga marufuku ununuzi huo na viongozi wameukemea mikutanoni, lakini haujafa.

Wengi humwita mnunuzi huyo mwizi. Naona jina hilo halitoshi, kwa sababu halielezi kwa nini mkulima mwenye akili timamu humfungulia mlango kila mwaka. Anachouziwa mkulima ni muda, na muda una bei.

Jambo hilo liliwahi kuwekwa wazi na Irving Fisher, mwanauchumi wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1930 juu ya riba. Alionyesha kwamba penye mahali pa kukopa na kukopesha kwa riba inayojulikana, mtu hulima kwa kufuata faida ya shamba, kisha hukopa au huweka akiba ili ale kwa wakati wake. Pasipo na mkopo, tumbo ndilo huliamulia shamba. Hakuiandikia Tunduru, lakini sijasoma maelezo bora kuliko hayo kuhusu kangomba.

Msingi kamili wa wazo hilo uliwekwa miaka ya 1950. Mwaka 1953 mwanauchumi Kenneth Arrow alichapisha Paris makala kuhusu kazi ya hati za fedha, na mwaka 1959 mwanauchumi mwenzake Gérard Debreu akatoa kitabu kifupi juu ya nadharia ya thamani. Humo bidhaa hutambulishwa kwa mambo manne: ubora wake, mahali ilipo, tarehe ya kukabidhiwa, na hali itakayokuwapo siku hiyo, iwe mvua au ukame. Korosho ya Machi na ya Novemba zikawa bidhaa mbili, kila moja na bei yake. Hisa, bima na mkopo navyo vikaonekana kuwa njia za kuhamisha mali kutoka siku moja hadi nyingine, au kutoka mwaka wa neema hadi mwaka wa dhiki. Elimu ya fedha ikawa tawi la shina lile lile la uchumi.

Sasa ichukueni stakabadhi ya ghala, karatasi inayotolewa korosho zikipokewa ghalani, muisome. Imeandikwa daraja la korosho, uzito, jina la ghala na tarehe. Mambo matatu kati ya manne ya Debreu yamo kwenye karatasi hiyo moja. Wafanyabiashara wa nafaka wa Chicago walikuwa wakiuziana karatasi za namna hiyo karne ya 19, na kufikia mwaka 1865 soko lao lilikuwa na mikataba sanifu ya mazao ya siku za mbele. Kwetu karatasi hiyo ilichelewa, na kwa gharama kubwa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Katikati ya miaka ya 1980 zilishuka chini ya tani 20,000: watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, bei ya mkulima ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilipitishwa mwaka 2005, na msimu wa 2007/08 mfumo ukaanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara. Leo Tunduru wakulima hupeleka korosho kwenye vyama vyao vya msingi vya ushirika, AMCOS, na chama kikuu, TAMCU, huziingiza mnadani.

Jambo la nne, yaani hali itakayotokea, halimo kwenye karatasi. Awali mfumo ulimlipa mkulima kwa awamu mbili: malipo ya kwanza yalitoka kwenye mkopo wa benki uliodhaminiwa na korosho za ghalani, na ya pili yalisubiri mnada. Bei ya dunia ilipoporomoka, deni la benki lilibaki palepale na mkulima akabeba pengo. Aprili 2013 huko Liwale, mkoani Lindi, hasira ya malipo pungufu ilichoma nyumba. Mwaka 2018 wanunuzi walitoa bei ambazo wakulima walizikataa, na tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi lizisombe. Hazina ikajitwisha hatari ambayo haikuwa imeiandalia fungu, na wakulima wengi wakangoja fedha zao hadi mwaka uliofuata.

Tangu msimu wa 2024/25 minada ya korosho inaendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Ni hatua njema, kwani bei inaonekana na wote. Lakini mnada huanza Oktoba, njaa huanza Februari, na salfa ya kupulizia mikorosho hutakiwa Juni. Kwa hiyo ombi langu kwa TAMCU, kwa AMCOS na kwa benki zinazopitisha malipo ya korosho ni hili: leteni mkopo mdogo Februari, wenye riba iliyoandikwa na bima ya bei kuanguka, mnunuzi wa kangomba akifika Machi akute mlango una mwenyewe.