Wawili wa Ala Moja: Malumbano Ndani ya Santuri

Malumbano ya washairi wa Kiswahili yana sheria kali. Mshairi akitupa shairi lake barazani, mjibu wake hana ruhusa ya kujichagulia uwanja. Hana budi kuingia bahari ile ile, kushika vina vile vile na kutimiza mizani ile ile, bila ya kuzidisha wala kupunguza. Akiteleza katika kina kimoja huhesabiwa ameshindwa, hata ikiwa hoja yake ina nguvu. Ndivyo Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alivyojibizana na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu katika zama za uhasama wa miji yao miwili. Mgeni wa ushairi aweza kudhani kwamba sheria hii ni pingu. Aliyeuzoea hutambua faida yake: washindani wakifungwa kamba moja, kila kilicho tofauti baina yao hutoka katika akili na nafsi zao wenyewe, na msikilizaji hukiona waziwazi.

Katika insha hii twakusudia kuitazama sheria hiyo mahali ambapo wengi wetu hatukutazamia kuikuta, nako ni katika santuri za wapiga saksafoni wa Marekani. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 walikuwako huko wapigaji wa jazi ya mtindo ulioitwa hadibopu, na miongoni mwao ilienea desturi ya kuwakutanisha wawili wenye ala moja, saksafoni ya tenori, katika sahani moja ya santuri. Swali letu ni hili: mashindano yakitiwa ndani ya santuri, huhifadhiwa au hugeuzwa kuwa kitu kingine? Swali hili latuhusu sisi wa Unguja kwa karibu, kwa sababu kisiwa chetu kilikuwa na mashindano yake kabla ya santuri, na kilikuwa na santuri zake kabla ya hadibopu kuzaliwa.

Tuanze nyumbani. Kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, sherehe ya Mwaka Kogwa huwakutanisha watu wa pande mbili za mji wakapigana kwa migomba, kisha uhasama wa mwaka uliopita huzikwa papo hapo. Ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani na kuenea bara, ilikuwa na makundi yake mawili mashuhuri, Arinoti na Marini, na kundi moja halikuwa na maana pasipo jingine. Mjini Zanzibar vyama vya taarabu vya wanawake, kama vile Royal Air Force na Nuru el-Uyun, vilishindana kwa mavazi, kwa idadi ya wafuasi na kwa nyimbo za mafumbo ambazo kila mlengwa alizijua. Katika yote haya alikuwako mtu wa tatu, naye ni hadhira. Hadhira ilishangilia, ilicheka, ilinyamaza, na katika taarabu iliinuka kwenda kumtunza mwimbaji kwa fedha mbele ya macho ya watu. Hukumu ilitolewa usiku ule ule, na kila mtu alirudi kwake akijua nani kapata na nani kakosa.

Mwaka 1928 jambo jipya liliingia. Siti binti Saad, mzaliwa wa kijiji cha Fumba aliyekuja mjini kutafuta riziki na kuishia kuwa mwimbaji mkuu wa zama zake, alisafiri pamoja na wenziwe hadi Bombay kutia sauti katika santuri za kampuni yenye alama ya mbwa. Wenziwe walikuwa mafundi wa kutajwa kwa majina: Maalim Shaaban, Subeti bin Ambar, Budda bin Mwendo na Mbaruku, yule kipofu aliyetokea Mombasa. Baadhi yao waliimba pia kwa majina yao wenyewe. Sahani zile zilirudi pwani na kupigwa katika mikahawa na majumba, na watu wa mbali ambao hawakupata kumwona Siti walimsikia akiimba kwa Kiswahili chao.

Lakini santuri ya siku zile ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande wake mmoja ulichukua kiasi cha dakika tatu tu. Wimbo ambao katika baraza ungeliweza kurefushwa kwa beti nyingi, kwa kurudiwa kiitikio na kwa kungojea kelele za wasikilizaji zipoe, ulibidi kukatwa. Tena, chumba cha kutia sauti hakikuwa na hadhira. Hapakuwa na wa kutunza, wala wa kucheka, wala wa kujibu. Ubeti uliotungwa kumchoma mtu uliimbwa mbele ya mashine ambayo haikuchomeka.

Kifungo hicho cha dakika tatu kiliwabana hata wanamuziki wa Marekani, nchi yenye viwanda vikubwa vya santuri. Tarehe 12 Juni 1947, huko Hollywood, wapigaji wawili wa saksafoni ya tenori, Dexter Gordon na Wardell Gray, walitia sauti mashindano yao kwa ajili ya kampuni ya Dial. Usiku katika vilabu walikuwa wamezoea kufukuzana kwa muda mrefu, na santuri yenyewe ikaitwa The Chase, yaani mbio za kufukuzana. Kwa kuwa upande mmja haukutosha, mashindano yaligawanywa pande mbili, na aliyenunua sahani alilazimika kuigeuza katikati ya mabishano. Mwaka uliofuata, 1948, kampuni ya Columbia ilitoa sahani ya mzunguko wa polepole yenye nafasi ya dakika zaidi ya 20 kila upande. Mlango ulifunguka, na wapigaji wa hadibopu wakaingia.

Hapa yafaa kueleza kidogo jinsi wanavyojibizana. Umbo wanalolipenda zaidi ni la bluzi, ambalo lina vipimo 12 vinavyorudiwa tangu mwanzo hadi mwisho. Vipimo hivyo ndivyo bahari yao. Mpigaji wa kwanza hutunga papo kwa papo juu yake, mara nyingi kadiri apendavyo, kisha humwachia mwenziwe. Karibu na mwisho zamu hufupishwa: huyu hupiga vipimo vinne na yule vinne, kama washairi wanaoacha kupeana mashairi mazima wakaanza kutupiana beti. Mwenye zamu huweza kuchukua tamko la mwisho la mwenziwe akaligeuza, akalikejeli, au akalipanua. Na kwa kuwa ala ni moja, hakuna anayeweza kujificha nyuma ya ukali wa tarumbeta au wingi wa funguo za piano.

Mfano mashuhuri kuliko yote ni Tenor Madness. Tarehe 24 Mei 1956 Sonny Rollins alikuwa na kazi ya kutia sauti sahani yake katika studio ya Rudy Van Gelder, iliyokuwa sebuleni mwa nyumba ya wazazi wake huko Hackensack, New Jersey. Wapiga piano, besi na ngoma aliowachukua walikuwa watu wa bendi ya Miles Davis, na mwenzao wa bendi hiyo, John Coltrane, akaja pamoja nao. Akapiga katika utungo mmoja tu, bluzi ya dakika 12 na kitu. Rollins alikuwa na miaka 25 na Coltrane 29, na kwa yajulikanayo, hii ndiyo santuri pekee iliyowakutanisha.

Msikilizaji anayeitafuta kwa hamu ya kujua nani alishinda hupata mashaka. Coltrane hutangulia, na sauti yake ni kavu, yenye makali, akisukuma noti nyingi kana kwamba anahofia muda utamwishia. Rollins humfuata kwa sauti nene na ya mviringo. Hukata sentensi zake, hunyamaza panapotazamiwa maneno, hulirudia jambo dogo hadi likawa kubwa. Mwishoni wanapopokezana vifungu vifupi, sikio lisilozoea huwachanganya, na lililozoea huwatenga kwa tamko la kwanza. Hakuna anayemwangusha mwingine. Kila mmoja amemfanya mwenziwe atambulike zaidi, kwa kuwa ubavuni mwake pana mtu mwenye ala ile ile asemaye vingine.

Santuri ya pili yatuonyesha upande mwingine. Tarehe 3 Machi 1957, katika studio hiyo hiyo, Clifford Jordan na John Gilmore walitia sauti sahani iitwayo Blowing In from Chicago, wakisindikizwa na Horace Silver kwa piano, Curly Russell kwa besi na Art Blakey kwa ngoma. Wote wawili walizaliwa mwaka 1931, na wote wawili walisomeshwa muziki katika shule ya DuSable ya Chicago na mwalimu mmoja, Walter Dyett, aliyejulikana kwa ukali wake. Hawa ni watoto wa chuo kimoja. Lakini njia zao ziliachana: Gilmore alikaa karibu maisha yake yote ya kazi katika bendi ya Sun Ra, na Jordan alishika njia yake mwenyewe. Sahani ile imewashika wakiwa bado wanasimama mlango mmoja, nasi twasikia wapi kila mmoja anaelekea.

Ya tatu ni ya Johnny Griffin na Eddie Davis, walioongoza bendi yao pamoja tangu mwaka 1960 hadi 1962. Jozi yao haikuwa ya siku moja. Walizoeana kama wapigaji bao wa baraza moja, na ugomvi wao ulikuwa na furaha ndani yake. Tarehe 6 Januari 1961 walitiwa sauti mbele ya watu, katika klabu ya Minton's kule Harlem, na humo hadhira ile iliyokosekana Bombay na Hackensack yasikika tena.

Pana hoja ya kupinga, nayo haifai kupuuzwa. Wapo wasemao kwamba jozi hizi zilikuwa hila ya wenye makampuni: majina mawili juu ya jalada moja huuza kuliko jina moja, na watu hupenda vita. Ni kweli kwamba biashara ilikuwamo, kama ilivyokuwamo katika safari ya Siti, kwa maana kampuni haikumpeleka Bombay kwa mapenzi ya taarabu. Walakini mwenye kampuni aliweza kuwaita wawili chumbani. Hakuweza kuwapa cha kuambizana. Hicho walikuja nacho wenyewe kutoka vilabuni, mahali ambapo kijana alipanda jukwaani bila ya kualikwa ili kupimwa na wakubwa wake.

Basi turudi kwenye swali letu. Santuri huwaondolea washindani hakimu wao. Baraza huhukumu mara moja na kwenda kulala. Santuri hurudiwa na watu wasiowajua washindani, miaka mingi baada ya wao kufa, na kila mara hukumu hubaki wazi. Hayo ndiyo mageuzi yake. Hifadhi yake ni hii, kwamba sauti mbili zikiwa ndani ya sahani moja, swali na jibu haviwezi kutenganishwa.

Na hapo ndipo hasara yetu inapoonekana. Santuri za Unguja ziliokoa mengi, lakini aghalabu ziliokoa upande mmoja wa malumbano. Nyimbo nyingi za vyama vya wanawake zilijibiwa usiku wa harusi katika mitaa ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, na majibu yake yakaishia hapo yalipoimbwa. Wimbo wa fumbo uliobaki bila ya jibu lake tunausoma leo kana kwamba ni shairi la mtu mmoja akiongea na nafsi yake, tukamsifu kwa upole ambao hakuukusudia, au tukamlaumu kwa ukali ambao alichokozwa kuutoa. Mwanafunzi atakayeketi na wazee kuuliza wimbo fulani ulikuwa ukimjibu nani, na ulijibiwa kwa maneno gani, atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko kuandika sifa nyingine za mwimbaji. Wapo bado wanaokumbuka baadhi ya beti hizo, nao hawazidi kuwa wengi.