Feleji ya Pohang

Katika pwani ya mashariki ya Korea ya Kusini, mahali ambapo bahari imeingia nchi kavu ikafanya Ghuba ya Yeongil, palikuwa na mji wa wavuvi uitwao Pohang, ambao hadi mwaka 1968 haukujulikana na watu wa mbali ila kwa samaki wake na kwa mapigano makali yaliyotokea hapo mwaka 1950. Ufuo wake ulikuwa wa mchanga uliopeperushwa na upepo, na juu ya mchanga huo palikuwa na vijiji, na nyumba ya watawa waliolea mayatima. Hapo ndipo serikali ilipoazimia kujenga kiwanda kikubwa cha chuma, katika nchi ambayo mwaka 1961 pato la mtu mmoja kwa mwaka mzima halikufika dola 100. Nchi hiyo ilipokatwa vipande viwili mwaka 1945, migodi ya chuma na matanuri makubwa yaliyoachwa na Wajapani yaliangukia upande wa kaskazini, na ya kusini ikasalia haina madini ya kutosha, wala makaa ya mawe yafaayo, wala mafundi waliopata kuendesha kazi ya ukubwa ule.

Walimwengu waliokuwa na mali waliitazama azma hiyo wakaikataa. Mwaka 1966 makampuni ya Marekani na Ulaya, yakiongozwa na kampuni ya Koppers ya Pittsburgh, yalifanya shirika la kuisaidia Korea kupata mtaji na mitambo. Lakini Benki ya Dunia ilipoulizwa maoni yake ilijibu kwamba mradi hautalipa gharama zake, na wakopeshaji wote wakarudi nyuma. Siwalaumu sana waliotoa hukumu ile, kwa kuwa kwa hesabu ya vitabu walisema kweli. Walichokosa kuhesabu ni jambo lisiloandikwa katika daftari la mizania, nalo ni kiasi cha dhiki ambacho taifa lililodhalilishwa huwa tayari kukivumilia ili lisidhalilishwe tena.

Mtu aliyekabidhiwa dhima ya kiwanda hicho alikuwa Park Tae-joon, ofisa wa jeshi aliyezaliwa mwaka 1927, aliyelelewa Japani na kusoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Waseda, akaijua lugha na tabia ya watawala wa zamani wa nchi yake. Mwaka 1969, milango ya Magharibi ilipofungwa, aliikumbuka fedha iliyokuwa imekwisha kuahidiwa kwa kazi nyingine. Tarehe 22 Juni 1965 Korea na Japani zilitia sahihi mkataba wa kurejesha uhusiano baada ya ukoloni wa miaka 35, na kwa mkataba huo Japani iliahidi kutoa dola milioni 300 za bure na mkopo nafuu wa dola milioni 200. Mkataba ule ulichukiwa mno: tangu mwaka 1964 wanafunzi walijaa katika barabara za Seoul wakisema kwamba heshima ya wafu inauzwa kwa bei ya chini, hata Rais Park Chung-hee akatangaza utawala wa kijeshi mjini. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikusudiwa wakulima na wavuvi. Park Tae-joon alikwenda Tokyo, akawasihi mawaziri na wakuu wa viwanda vya chuma mmoja baada ya mmoja, hata wakakubali karibu dola milioni 120 zigeuzwe kuwa matanuri.

Hapa napenda kukaa kidogo, maana mara nyingi habari za maendeleo ya Korea husimuliwa kwa haraka, na jambo hili hupitwa. Fedha zile zilitoka katika madhila ya watu waliochukuliwa kwa nguvu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakafanyizwa kazi katika migodi na viwanda vya Japani, navyo viwanda vya chuma vikiwa miongoni mwavyo. Park Tae-joon mwenyewe aliwaambia wafanyakazi wake kwamba kiwanda kimejengwa kwa thamani ya damu ya wazee wao, na kwamba wakishindwa itawapasa wote wageuke kulia, waende wakajitose katika Ghuba ya Yeongil. Lakini wale wenye damu yao hawakupata ila kidogo sana, na wengi hawakupata kitu. Tarehe 30 Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ya Korea iliiamuru kampuni ya Nippon Steel iwalipe wazee wanne waliotumikishwa won milioni 100 kila mmoja, na siku ile ya hukumu alikuwa amebaki hai mmoja tu. Nippon Steel ndiyo mrithi wa makampuni yaliyowafundisha Wakorea wa Pohang kazi ya tanuri, nayo haikulipa. Mwaka 2023 serikali ya Korea iliamua kwamba wazee hao na warithi wao walipwe na mfuko wa nchini, na kampuni ya POSCO, yaani kiwanda chenyewe cha Pohang, ikatia humo won bilioni 4. Naona deni hilo lilicheleweshwa kupita kiasi, na haliwezi kufutwa na utukufu wowote wa tani za feleji.

Ujenzi ulianza tarehe 1 Aprili 1970. Mamia ya vijana walipelekwa ng'ambo, wengi wao Japani, wakajifunze, wakirudi na madaftari yaliyojaa michoro na vipimo. Madini ya chuma na makaa vililetwa kwa meli kutoka nchi za mbali. Asubuhi ya tarehe 9 Juni 1973 chuma cha kwanza kikatiririka, na katika mwezi wa Julai kiwanda kikafunguliwa rasmi, kikiwa na uwezo wa tani milioni 1.03 kwa mwaka. Katika mengi yanayosimuliwa juu ya siku zile, mimi huona kisa cha mwaka 1977 ndicho kinachofafanua zaidi tabia ya mahali hapo: Park alipokuta kasoro katika msingi wa zege wa mtambo wa umeme, msingi uliokwisha kufika asilimia 80 ya ujenzi, hakuruhusu utiwe viraka, aliwaita wahandisi, wakandarasi na wasimamizi wa kigeni waje washuhudie, kisha akaulipua kwa baruti.

Kufikia mwaka 1983 Pohang ilikuwa na uwezo wa tani milioni 9.1, na kiwanda cha pili kilichojengwa Gwangyang juu ya ardhi iliyofukiwa baharini kilipokamilika mwaka 1992, jumla ikawa kiasi cha tani milioni 21. Feleji hiyo ilikwenda Ulsan kuundiwa meli na magari, na mwaka 1983 Samsung ikaingia katika kazi ya vipande vya kumbukumbu za kompyuta kwa desturi ile ile ya kuanza nyuma na kukimbia kuliko waliotangulia. Huko Pohang kwenyewe mwaka 1986 kilifunguliwa chuo kikuu cha sayansi, POSTECH, kwa mali ya kiwanda. Na katika yote aliyoyajenga Park, hilo nalihesabu kuwa kubwa kuliko matanuri.

Lakini maarifa yaliyoweza kuvuka Mlango wa Tsushima yaliweza pia kuvuka Bahari ya Njano. Mwaka 1978 kiongozi wa China, Deng Xiaoping, alizuru kiwanda cha Kimitsu huko Japani, na inasimuliwa kwamba aliwaomba wenyeji wake wamjengee China kiwanda kama cha Pohang, akajibiwa kwamba China haina Park Tae-joon. Mwaka ule ule ujenzi wa Baoshan, karibu na Shanghai, ukaanza kwa msaada wa Nippon Steel. Leo China huzalisha karibu tani bilioni moja kwa mwaka, zaidi ya nusu ya feleji ya dunia nzima, na ziada yake humwagika katika masoko ya jirani kwa bei ambayo wengine hawaiwezi. Mwaka 2024 POSCO ilifunga kiwanda kimoja cha kuyeyushia na kingine cha nondo nyembamba hapo Pohang. Mwaka 2025 Marekani ikapandisha ushuru wa chuma cha kigeni hadi asilimia 50. Na Umoja wa Ulaya umeweka tozo juu ya bidhaa zitokazo katika matanuri yenye moshi mwingi. Tanuri la kwanza la mwaka 1973 lilizimwa tarehe 29 Desemba 2021, likiwa limetoa zaidi ya tani milioni 55. POSCO imeahidi kuacha moshi wa kaboni kufikia mwaka 2050, kwa ufundi wake wa kutumia haidrojeni badala ya makaa. Ufundi huo bado unajaribiwa, na kuufikisha kwenye kipimo cha viwanda kutahitaji mtaji na muda ambao washindani hawatautoa bure.

Kampuni hiyo imegeukia pia madini ya betri, na hapo habari zake zinatugusa sisi. Imenunua hisa katika kampuni ya Black Rock Mining ya Australia, inayokusudia kuchimba kinywe huko Mahenge, wilaya ya Ulanga, mkoani Morogoro, mradi ambao Serikali ya Tanzania ina hisa ya asilimia 16. Na tangu Desemba 2023, China ilipoanza kudai vibali kwa kinywe kinachouzwa nje, Wakorea wanakihitaji zaidi cha Mahenge. Bei na hisa zimekwisha kuzungumzwa, lakini hayo hayatoshi. Pohang ilipokuwa fukara iliandika katika mapatano yake na Wajapani kwamba vijana wake wapelekwe mitamboni wakafundishwe. Nasi tunayo haki ya kutaka vijana wa Ulanga wapelekwe Pohang na Gwangyang, wakae humo miaka, wajue jinsi kinywe kinavyosafishwa na kufanywa sehemu ya betri, na sharti hilo liandikwe kwa idadi ya watu na kwa muda maalumu kabla meli ya kwanza haijapakia.